Ile stasyo ndogo ya hali ya hewa nilinunua Nyawera: miezi saba nayo, Bukavu

Niliahidi kuandika kisha miezi mingi ya mvua kupita, ju mtu ananunua kitu leo, kesho anaandika "iko poa sana", uyo hajawaambia kitu. Sasa iko miezi saba, toka mwezi wa kenda mpaka wa tatu, iyi mashini iko kwetu Ibanda inapigwa mvua, jua na upepo wa ziwa Kivu, na mi njo naisoma kila asubuhi mbele ya kunywa chai, basi naona niko na haki ya kusema.

Kwa wale hawanijue: niko nafanya doktora juu ya konveksyo, ni kusema ile hewa ya moto yenye maji ndani yake inapanda juu, inapoa, inageuka wingu kubwa jeusi kisha inatumwangia mvua na ngurumo. Shangazi yangu akinikuta na ordinatere (kompyuta) anasema "mtoto yangu, mwaka wa ine unasoma mvua, mvua yenyewe si inaanguka bure?" Inaanguka bure shangazi, lakini kuipima iko na bei, mi nililipa dola 130.

Boutiki siitaji, marke pia siitaji, na ata ningeitaja haingewasaidia, ju kitu ni kile kile kinauzwa kwa majina kumi, wanabadilisha stika tu. Ndani ya kartoni kuko ile kitu ya nje yenye vyote vimeshikana pamoja: vikombe vitatu vya kuzunguka na upepo, kabendera, kabakuli ka kukinga mvua, kapanosola kadogo, kapimajoto kamefichwa ndani ya visahani vyeupe. Tena ekra ya kuweka ndani ya nyumba, adaptere, na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa cha ajabu, sehemu moja imeandikwa "usile mvua". Muuzaji alinipokea vizuri, "karibu doktere" toka mlangoni, alianza kwa 160, tukapigana bei mpaka 130, akakubali kunipangia mashini bure. Iyo ya kunipangia bure njo ilinigharimu wiki tatu, nitafika.

Kwanza presyo, ni kusema uzito wa hewa. Ekra iliwaka tu ikaandika hektopaskali 1013. Nikamwambia muuzaji, papa, apa hapawezi kuwa 1013, iyo ni presyo ya kandokando ya bahari, sisi ziwa lenyewe liko mita 1460 na uku kwetu tumepita 1500, tunapaswa kuwa mahali pa 850 ivi. Akatoa telefone yake, "ona doktere, ata aplikasyo inasema 1013, iko sawa." Ndiyo papa, ju zote mbili zinakupeleka kwanza Mombasa mbele ya kukujibu! Zinageuza presyo kama vile unakaa usawa wa bahari, ili watu wa miji yote walinganishe. Kwa mtu anataka tu kujua kama atafua nguo si shida, kwa mtu wa doktora ni shida, unaingia ndani ya mipango ya ekra unachagua presyo ya mahali penyewe, dakika mbili imekwisha. Na kwa wale wanasoma meteo: ile 850 vitabu vinaita "hewa ya chini", kwetu njo barza. Kahuzi iko mita 3308, ukichora ramani ya upepo wa 850 kwa eneo letu kuko sehemu unachora upepo ndani ya mawe, na modeli, ile programu ya kuhesabu hali ya hewa, haikuambii kitu, inakuandikia tu nambari nzuri.

Sasa saa. Kwa liste ya miji hakuna Bukavu, muuzaji akachagua Kinshasa, na nani angemkataza, si njo kapitali? Mi nilikuwa nafunga mafaktire na kutafuta umeme, sikuangalia. Lakini Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na mi usiku naketi kulinganisha mvua yangu na picha za Meteosat, ile satelite ya Ulaya ya kuangalia mawingu, zenye zinakuja kila dakika 15, zote kwa saa ya Greenwich, yetu unaondoa mbili. Wiki tatu yote nilikuwa naona muujiza: mvua inanyesha Ibanda, kisha saa moja njo wingu linafika. Nikafikiri nimevumbua kitu. Nilianza ata kumwandikia promota wangu, ule mwalimu anasimamia doktora yangu, barua ndefu sana juu ya mvua ya wingu dogo lenye satelite haiione, namshukuru Mungu kuran (umeme) ilikatika mbele ya kutuma. Asubuhi nikaangalia saa ya ekra na saa ya ukuta... Dawa iko rahisi, chagueni Lubumbashi, iko saa moja nasi. Muuzaji naye sasa anajua, nilimrudilia, akacheka, akanipa batri mbili za bure.

Joto. Fundi aliniwekea mashini juu ya bati, ju njo mahali pa juu na watoto hawafike. Mchana mashini inasema 34. Bukavu 34! Chini ya mti wa avoka pimajoto ya kawaida inasema 27. Bati inakula jua inarudishia ile visahani vyeupe kwa chini, na visahani vyenyewe ni plastiki nyepesi, upepo ukikosa hewa inalala umo ndani inaiva. Na apa si mambo ya kubishana digri kwa ajili ya sifa. Sisi tunachukua joto na unyevu wa chini, tunapandisha hewa kwa hesabu: mbele ya wingu kuanza inapoa karibu digri 10 kwa kila kilomita, kisha maji yakianza kugeuka matone yanatoa joto yao, inapoa polepole, na kama bado iko ya moto kuliko hewa ya pembeni inaendelea kupanda yenyewe. Ukiweka 34 pahali pa 27, hewa ya Bukavu inapanda mpaka mbinguni kila siku ya Mungu, ata mwezi wa saba wakati vumbi njo inatawala. Tulishusha mashini, tukasimika nguzo ya chuma mita tatu katikati ya kiwanja, mbali na ukuta na mti, juu ya majani. Sasa inapita ile ya mvuli kwa digri moja, moja na nusu siku ya jua kali bila upepo. Navumilia.

Nguzo nayo ilileta maneno. Jirani mmoja akasema ni antena. Nyumbakumi akaja, akaja na shefu wa avenyu, na wakati huu tunaishi mtu hawezi kuwalaumu kwa kuuliza. Niliwaonyesha kabakuli, nikamwaga maji, wakasikia "tak, tak" ndani, ekra ikaandika mvua na uku jua linawaka. Shefu akauliza kama naweza kumwambia siku gani hainyeshe kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Nilimwambia mashini inajua tu mvua ishaanguka. Akaniangalia sana, "na ulilipa 130?"

Basi tuje kwa mvua yenyewe, apa njo niko na kisirani. Namna inapima: chini ya kabakuli kuko kakopo ka pande mbili kama mizani ya watoto. Upande mmoja ukijaa kanapinduka, kanamwaga, mashini inahesabu moja, na kila moja ni 0.3 ya milimita. Milimita moja ni litre moja kwa mita mraba, kwa wale wa kuchota maji na bidoni mtaelewa haraka. Mvua ikija pole, kakopo kako sawa kabisa. Nilijaribu: kabakuli kangu kako na sentimita mraba 110, ukimwaga nusu litre inapaswa kuandika 45 na kidogo. Nilitoboa chupa kwa sindano, ikadondoka masaa mawili ivi, ikaandika 44.1, nikapiga makofi. Nikarudilia na tundu kubwa, nusu litre kwa dakika 20, ikaandika 39.9. Maji yameenda wapi? Kakopo kakiwa kanapinduka mvua haimungojee, inaendelea kuingia upande wenye umeshajaa, na mvua ikiwa kali kanapinduka kila sekunde kumi au chini yake, kila mara kanapoteza kidogo. Tena na kabakuli kadogo ivi matone makubwa yanaruka nje.

Ni kusema mashini inadanganya zaidi pale pale penye mvua iko hatari zaidi. Usiku moja wa mwezi wa kumi na moja ilinyesha ile ya kuamsha nyumba yote, tunashika mabasani, asubuhi stasyo inasema 34, pluviometa yangu ya plastiki, kile kipimamvua cha kawaida cha kusoma kwa macho, inasema 41. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya maji mengi kwa masaa machache, mwezi wa tano 2023 Bushushu na Nyamukubi, uku Kalehe, ndugu zetu zaidi ya 400 walikwenda. Na hewa ikiongezeka digri moja inaweza kubeba maji karibu asilimia 7 zaidi, basi zile mvua za nguvu njo tunangojea ziongezeke, na kakopo kako kanazihesabu nusunusu. Mtu wa shamba, mtu wa mradi wa mifereji, mtu yote anataka kujua imeanguka ngapi: usinunue iyi. Nunua pluviometa ya plastiki, weka mbali na mti, soma kila siku saa moja ya asubuhi, andika kwa daftari, mwaga. Mama mwenye nyumba wetu ananisaidia nikiwa safari na hajakosa ata siku moja, mashini ilikosa siku 11.

Sasa mtauliza, kama ni ivyo kwa nini sijaitupa ziwani. Ju ya saa. Pluviometa ya plastiki inakuambia 41, haikuambii kama ilinyesha saa kumi ya alasiri ao saa kenda ya usiku, na kwa konveksyo ya apa kwetu iyo njo habari yenyewe. Mchana jua linapasha milima, hewa inapanda kandokando ya milima kutoka ziwani na mabondeni, mawingu yanasimama juu ya Kabare na Walungu, alasiri yanavunjika. Usiku inageuka: milima inapoa, hewa inateremka kuelekea maji, maji bado yako na joto, zinakutana juu ya ziwa, na ngurumo inahamia uko. Wavuvi wa sambaza wanajua ivyo toka babu zao, mi naongeza tu dakika.

Na iyo dakika iko na kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Modeli za klima, zile za kutuambia 2100 itakuwaje, zinagawa dunia kwa viboksi vya kilomita makumi, zingine mia. Ata ERA5, ile hesabu ya Ulaya inarudi nyuma mpaka 1940 saa kwa saa, kiboksi chake ni kilomita 31: ziwa, Ibanda, Kadutu na mlima wa Kabare vinaketi kiti kimoja. Wingu la ngurumo kwa ndani ni kilomita chache tu, modeli haiwezi kuliona, basi inaliweka kwa kanuni ya kukadiria, wenyewe wanaita parametrizasyo. Na zile kanuni ziko na tabia moja inajulikana tangu zamani, zinanyesha mapema, jua likiwa juu ya kichwa tayari mvua, kidogokidogo, karibu kila siku. Wakati mvua ya ukweli ya milimani inangoja alasiri ifike, kisha inakuja yote mara moja. Waingereza walifanya modeli ya Afrika yote kwa kilomita 4.5 yenye inaacha mawingu yapande yenyewe bila kanuni, na saa ya mvua ikatengenea sana. Sasa mtu akitaka kujua kama modeli iko na haki juu ya Kivu, anahitaji mahali pamoja pa ukweli penye kuko saa imeandikwa. Satelite inasaidia, ile mvua ya NASA ya IMERG inakuja kila nusu saa bila kulipa, mi naishukuru kila siku, lakini pikseli yake ni kilomita 11 ivi na mara zingine inakisia kwa baridi ya kichwa cha wingu, na kichwa kinaweza kutambaa mbali sana na mahali maji yanaanguka. Mara nyingi nimeona juu ya picha Bukavu imefunikwa nyeupe tupu, na kakopo kimya, nguo za Mama mwenye nyumba zinakauka kwa kamba.

Kakopo kanapinduka mara ya kwanza, mashini inaandika saa na dakika. Kwa iyo haijawahi kunidanganya (kisha kuhama Kinshasa). Miezi saba niko na mwanzo wa mvua zaidi ya mia, na nikizipanga kwa saa kunaonekana milima miwili, mmoja wa alasiri, mwingine mdogo kisha usiku wa manane. Promota aliangalia ile grafike akanyamaza, kisha akasema "iyi ni ya chapitre ya tatu." Mtu amefanya doktora apa anajua iyo sentensi iko na bei gani.

Muuzaji alitaka pia kuniuzia kasensa ka radi, dola 45, wanasema kanasikia mpaka kilomita 40. Nilikajaribu wiki moja kwa kukopa. Msikanunue! Kwingine pengine kanafaa, apa kanalia toka alasiri mpaka alfajiri, ni kama kununua mashini ya kukuambia kuko watu soko ya Kadutu. Mnajua tunaishi wapi? Satelite TRMM, ile ya kupima mvua ya tropike, ilikuwa na kamera ya radi, walihesabu toka 1998 mpaka 2013, na mahali panapita pote pa Afrika palikuwa uku kwetu mashariki ya Congo, pale waliandika kwa jina la Kabare, radi 205 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Duniani panapita apo tu ni ziwa Maracaibo kwa Wavenezuela, 233. Na mwenye aliongoza sayansi ya TRMM alikuwa mama mmoja, Joanne Simpson, mama wa kwanza Marekani kupata doktora ya meteo, 1949. Yeye na Herbert Riehl njo waliandika 1958 kama joto ya tropike inapanda juu kwa njia ya mawingu machache marefu sana, kati ya 1500 na 5000 kwa dunia yote, wakayaita minara ya moto. Naiweka apa ju kuko ndugu mmoja aliniambia mashini za mvua si mambo ya mabinti.

Yaliyobaki haraka. Kuran: ilikatika, ikarudi na nguvu, adaptere ikakufa wiki ya tano, garanti hakuna, "doktere iyo si kosa ya mashini", nimenunua nyingine dola 6 na stabilizatere dola 18, hesabuni iyo ndani ya bei. Bila kuran ekra inaketi na batri siku mbili ivi, zile siku 11 zilipotea apo. Wifi inakubali tu ile ya kawaida ya gigahertz 2.4, na kama mega za internet zimekwisha mashini haitumi kitu, lakini inaweka ndani ya kadi na unatoa kwa ordinatere, njo maana mi sijasumbuka. Aplikasyo yake iko nzuri kwa macho, utabiri wake wa siku kumi ni wa mtandaoni, hautoki kwa mashini yako ata kidogo, inaandika "mvua ya ngurumo" kila siku msimu mzima na bila shaka inapata haki mara nyingi. Kapimaupepo: vikombe vinashikwa na buibui, panguseni. Kapanosola hakana shida.

Bei na vyote ilinifikia 154. Nyota tatu juu ya tano, kama ungepima saa tu ningesema ine na nusu, kama ungepima milimita ningesema mbili na huruma.

Mwezi wa ujao naenda kuchukua ya pili, muuzaji amekubali 115 na mimi njo nitaipanga. Itaenda Kabare kwa mjomba, mita mia kadhaa juu yetu, nione kama mvua inaanza kwake mbele ya kwetu na kwa dakika ngapi. Mjomba amekubali, ila anauliza kama anaweza kufungia mbuzi kwa ile nguzo, bado tunajadili.